MJADALA: Wachache wakivuta muda Bungeni kwa marekebisho na kura zisizoisha, wengi wana haki ya kuwakata?

Mleta mada
Wadau habari za jioni. Leo nataka tubishane kuhusu kitu ambacho tukikiona kwa runinga tunacheka halafu tunasahau, ile vita ya nani aongee kwa muda gani na nani aruhusiwe kuleta marekebisho mswada ukifika Bunge.

Mnakumbuka hapa Kenya Mswada wa kurekebisha Sheria ya Vyama vya Kisiasa wa 2021, ule wa Amos Kimunya, kiongozi wa wengi Bungeni, uliozaa kitu kinaitwa chama cha muungano, yaani vyama kadhaa kusajiliwa kama chama kimoja, ndipo Azimio ya Raila Odinga ikapata njia. Wabunge waliitwa vikao maalum wakati wa Krismasi, na upande wa William Ruto, naibu rais wakati huo aliyekuwa amekosana na Rais Uhuru Kenyatta, walijua hawana namba za kuuangusha, sasa wakafanya nini, wakaleta rundo la marekebisho na kila Spika akitangaza kifungu kimepita wanasimama watu 30 wanadai divisheni. Na Kanuni za Kudumu zinawaruhusu kabisa. Divisheni maana yake kengele zinalia, waliotoka nje wanarudi mbio, milango inafungwa, kura zinahesabiwa, kisha mnakwenda kifungu kinachofuata mnaanza moja. Tarehe 29 Desemba ikaishia ngumi, mbunge mmoja akatoka ameumia karibu na jicho na mwingine akafukuzwa na Naibu Spika Moses Cheboi aliyekuwa amekalia kiti. Mswada ukapita tarehe 5 Januari 2022.

Msimamo wangu: marekebisho yasizuiwe hata moja kama yameletwa kwa wakati, lakini hiyo divisheni ya kila kifungu ikatwe. Kila upande upewe idadi yake ya divisheni kwa mswada mmoja, wachague wenyewe wapi panawauma, kwingine kura ya sauti inatosha. Karibuni.

Kiranja wa Mtaa
Mimi naona hata hizo unazowapa ni nyingi. Tulipiga kura, upande fulani ukapata wengi, wafanye kazi. Yaani mtu ameshindwa kwa debe, ameshindwa kwa kamati, ameshindwa mswada uliposomwa mara ya pili, sasa anataka kushinda kwa kuchosha watu mpaka saa tano usiku? Na wote mnajua kwa nini walikuwa wanavuta, uchaguzi ulikuwa Agosti na mikataba ya muungano lazima ifike kwa Msajili wa Vyama miezi minne kabla, kwa hiyo kila siku waliyokula ilikuwa ni siku ya Azimio. Hakuna cha haki ya kujadili hapo, ni saa tu walikuwa wanapigana nayo.

Dada wa Hansadi
@Kiranja sawa, na 18 Desemba 2014 je? Maana wakati huo Uhuru na Ruto walikuwa muungano mmoja na waliokuwa wanapiga kelele ni CORD, muungano wa upinzani wa Raila. Mswada wa sheria za usalama, mnene, unagusa sheria kibao kwa mpigo, ukasukumwa haraka haraka mpaka Naibu Spika Joyce Laboso akamwagiwa maji na mambo yakapitishwa katikati ya makelele, ukisikiliza ile video hujui hata ni kifungu gani kinaulizwa. Kesho yake Rais akasaini. Februari 23, 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane, kimojawapo kile cha kusema wakimbizi nchini wasizidi 150,000 na kingine cha kubana vyombo vya habari. Hayo ndiyo mambo ambayo wachache walikuwa wanayasema humo ndani na hawasikiki. Sasa ukikata mjadala unaokoa nini hasa, kama utakwenda kutumia miezi miwili kortini?

Na wale wale waliomwagiana maji 2014 wakilia demokrasia, 2021 ndio walikuwa wanahimiza Cheboi aharakishe. Wala sishangai.

Kiranja wa Mtaa
Korti ndiyo kazi yake dada. Bunge lipitishe, korti ichuje. Hakuna shida.

Mpwapwa Juu
Majirani zenu wa huku Tanzania tunawasoma tu 😂 nyie mnagombania divisheni, sisi 2014 Bunge Maalumu la Katiba lilikaa Dodoma wiki kadhaa linagombania KANUNI zenyewe kabla hata ya kugusa rasimu. Ugomvi mkubwa kura iwe ya siri au ya wazi. CCM wanataka wazi maana wanataka kumwona nani kageuka, wapinzani wanataka siri kwa sababu hiyo hiyo. Wakamaliza kwa suluhu ya ajabu, kila mjumbe achague mwenyewe, wa wazi apige wazi wa siri apige siri. Aprili 16 UKAWA, umoja wa wapinzani, wakatoka nje na hawakurudi, waliobaki wakaendelea kurekebisha rasimu ya tume ya Jaji Warioba wanavyotaka na Oktoba 2 wakaipitisha. Kura ya maoni ya wananchi ikapangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, mpaka leo kimya. Kwa hiyo Kiranja hata ukiwa na namba, ukipitisha kitu peke yako chumbani unaweza ukabaki nacho kabatini.

Halafu msisahau kitu kinaitwa hati ya dharura, ile ya kuharakisha mswada Bungeni. 2017 miswada ya rasilimali na madini ilikuja kwa njia hiyo, mambo ya mikataba mizito, siku chache imekwisha. Hapo hakuna aliyekatazwa kuleta marekebisho ila mbunge anayetaka kuandika la maana anahitaji kwanza kuusoma mswada na hata kulala.

Babu Kanuni
Vijana, hii kukata mjadala haikuanza Nairobi, tumeirithi Uingereza. 1881 wabunge wa Ireland wakiongozwa na Parnell walipinga mswada wa kuwabana kwao kwa kuongea zamu kwa zamu, kikao kikaenda saa 41 mfululizo mpaka Spika Brand akaamka akasema basi, akaita kura bila kanuni yoyote kumpa ruhusa. Kanuni ikaandikwa baadaye kuhalalisha. Ndiyo hiyo leo mbunge wa kwetu akisimama kuomba mtoa hoja aitwe kujibu na Bunge likikubali, mjadala unafungwa.

Dada wa Hansadi
Babu asante, na hao Waireland walikuwa wanapinga sheria ya kukamata watu bila kesi, tuweke na hilo.

Mwana wa Likoni
Mimi nina swali kwa mleta mada, unasema marekebisho yasizuiwe hata moja. Kwani marekebisho ni ya nani? Maana mimi mwananchi naitwa kwa maoni ya umma kuhusu mswada wa Aprili, halafu Juni dakika za mwisho kwa kamati ya Bunge zima mtu anachomeka kifungu ambacho sijawahi kukiona. Sheria ya Fedha ya 2023 ilifutwa na Mahakama ya Rufaa Julai 2024, na hilo la vifungu vilivyoingizwa baada ya maoni lilikuwemo, ingawa Mahakama ya Juu ikaja kuirudisha Oktoba 29 na kusema si lazima umma uulizwe upya kila kikibadilika kitu. Sawa, wao ni wataalamu. Lakini marekebisho ya bure bila mpaka yanawafaa zaidi wenye namba, kwa sababu ndio yao yanapita!

Mleta mada
@Mwana wa Likoni hapo umenishika pazuri. Nakubali marekebisho yanayoleta jambo jipya kabisa yawe na notisi ndefu na yachapishwe, yale ya kupunguza au kufuta kifungu yasiwekewe kikwazo. Tofauti hiyo karani wa Bunge anaweza kuiona bila siasa.

Ila @Kiranja kuna kitu hukukisema kuhusu ule mswada wa vyama. Ulipofika Seneti, maseneta waliletewa marekebisho, na kila mtu alijua wakikubali hata moja mswada unarudi Bunge la Taifa na kalenda imekwisha. Wakayaangusha, ukapita bila kuguswa, Uhuru akasaini Januari 27. Hakuna aliyezuiwa kusema, hakuna aliyekatwa, na bado hapakuwa na marekebisho ya kweli. Kuna seneta gani angejali kama pendekezo ni zuri au baya? Ndio maana nasema tatizo kubwa ni miswada ya uchaguzi kuletwa miezi saba kabla ya uchaguzi. Wekeni mpaka hapo, mwaka mzima kabla, uone kama mtu atapoteza usiku akidai divisheni 20.

Kiranja wa Mtaa
Na huo mpaka ataupitisha nani? Wenye namba. Waletee wakiwa bado wanadhani watashindwa.