Filamu ndefu: tukate kwa programu ya Avid, Premiere au DaVinci Resolve?

Mwanzisha Mada: Wadau, tumemaliza kushuti filamu ya dakika 95. Waediti wawili, fundi sauti mmoja, hela kidogo. Mimi nimezoea Premiere, mwenzangu anang'ang'ania Resolve kwa kuwa toleo la bure lipo. Jumatatu tunaanza kukata.

Mkata Picha: Filamu ndefu ni Avid. Wako kwenye kazi hii tangu 1989. Waediti wawili mnafungua mradi mmoja. Folda anayoishika mwenzio wewe unaitazama tu, hamharibiani. Hizo nyingine waachieni watu wa harusi.

Dada wa Taimulaini: Watu wa harusi ndio akina nani? Nimeediti harusi miaka tisa. Kamera tatu, kila moja na saa yake, MC anafunika kwaya, mama mzazi analia mara moja tu na hakuna kurudia. Hapo ndipo nilipojifunza kuuacha uso wa mtu ukae mpaka useme wenyewe. Filamu yangu ya kwanza niliikata kwa mkono huohuo.

Mkata Picha: Dada, nimesema programu, sikukutaja.

Dada wa Taimulaini: Umeandika "watu". Rudi ukasome.

Kijana wa Mbagala: Kwani Parasite ya Wakorea, iliyobeba Oscar, si ilikatwa kwa Final Cut 7, programu ya kuediti ya Apple? Apple waliitupa kama 2009 hivi.

Mzee wa Mkasi: 2011, mwanangu, walipoleta Final Cut Pro X ambayo haikufungua hata miradi ya zamani. Na Walter Murch, mwediti mkongwe wa Hollywood, alishaikata filamu ya Cold Mountain kwa Final Cut, ikatoka 2003. Nawe Mkata Picha, nusu ya waediti wa mji huu wamelelewa na harusi. Neno lako limenikera.

Fundi Sauti: Mzigo wenu unaishia kwangu, naomba mnisikie. Kuna filamu niliyoletewa: taimulaini, yaani mpangilio wa vipande ndani ya programu, ni fremu 23.976 kwa sekunde, picha ikawekwa kwa 24. Mwanzoni huoni kitu. Dakika ya 90 mhusika ameshafunga mdomo, neno linafika sekunde tano baadaye. Nilikesha siku nne. Programu haikuwa na kosa lolote. Kubalianeni fremu leo, mkate dakika tano za majaribio, mnitumie faili la AAF, lile linalopeleka mkato wenu kwenye programu ya sauti, nilifungue kabla hamjaenda mbali.

Mwanzisha Mada: Shukrani, fundi, kesho unaipata. Sasa, Premiere au Resolve?

Dada wa Taimulaini: Resolve ya bure inaishia pikseli 3840 kwa 2160 unapotoa kazi, kwa hiyo ulizia kwanza ukumbi wa sinema unataka nini. Ya kulipia ni kama dola 300, mara moja tu. Adobe, wenye Premiere, utawalipa mwezi hadi mwezi. Na Mkata Picha bado namsubiri.

Mkata Picha: Nimekosea kuandika "watu". Ila kwa Avid sibanduki.