Nimefungiwa kitabu kidole kikiwa ndani! Hivi maktaba ya chuo ni ya nani?

MsomajiWaNje
Wakuu, naandika mkono ukiwa bado unatetemeka. Yule wa ghorofa ya juu, mnamjua, yule wa funguo kiunoni, leo kanifungia kitabu. Sisemi kaninyima. KANIFUNGIA. Kitabu kiko mezani, kidole changu kimeshika ukurasa, kaja kwa nyuma ananyata, paa! Kidole kikabaki humo humo. Halafu mle kwenye chumba cha ukimya, ambamo ukipiga chafya unaangaliwa vibaya wiki nzima, akapaza sauti: "Hiki kiti ni cha mwanachuo!" Vichwa vyote vikageuka. Utadhani nimekamatwa na kuku wa jirani.

Na sikuruka ukuta mimi. Kadi ya msomaji wa nje ninayo, nimeilipia, ina picha na muhuri. Mkoba nimeuacha mapokezi, chupa ya maji nimeiacha, wangesema niache na viatu ningeviacha. Kitabu nimekitafuta mwenyewe kwenye katalogi, nikapanda hadi 896.392, maana ndiko mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba, unakoiweka fasihi ya Kiswahili, nikakikuta mahali pake, jambo ambalo mle ndani hutokea kwa nadra kuliko kupatwa kwa jua. Mgeni haruhusiwi kuazima, sawa, nimekubali, nasoma humohumo. Sasa humohumo ni wapi kama kiti si changu? Nisome nimening'inia kwenye feni?

Viti vitupu vilikuwa vimejaa meza nzima! Kiti chenye mtu kilikuwa kimoja tu, changu, na ndicho alichokitaka yeye. Angeniambia tu, "Samahani, hamia kule," ningehama. Hapana. Paa! Kidole kikiwa ndani, wakuu. Kidole!

Kifutio
Ngoja nivute kiti. Kama kipo cha mgeni lakini.

MzeeWaTasnifu
Pole sana mkuu. Huyo namfahamu hata bila kumtaja. Mimi aliniletea tasnifu, nikanakili kwa mkono mpaka bega likavimba kwa sababu kutoa kopi marufuku, kupiga picha marufuku. Nilipofika sura ya matokeo akaja kuichukua, eti muda wa kaunta umeisha. Saa ya ukutani imesimama tangu enzi za kadi za katalogi, sijui muda aliuona wapi.

NyotaYaAsubuhi
Kidole kipi? Uzi bila picha ya kidole hauna uzito.

MsomajiWaNje
Cha shahada, mkono wa kulia! Nimesema paa, sikusema alikifunga polepole!

BintiKatalogi
Nimesomea ukutubi, na hili linaniuma. Ranganathan, aliyekuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, alitoa kanuni tano mwaka 1931. Ya kwanza kabisa: vitabu ni vya kutumika. Ya nne: okoa muda wa msomaji. Hizi tunafundishwa mapema kabisa darasani. Msomaji kashika ukurasa, wewe unafunga kitabu? Hapo umevunja ya kwanza na ya nne kwa pigo moja.

Kifutio
Na kidole.

MwanachuoHalisi
Samahanini, ila ukweli usemwe. Sisi tunalipa ada, mitihani ikikaribia tunapanga foleni mlangoni kabla hakujakucha. Tukiingia tunakuta wageni wamezingira soketi zote wanachaji simu. Kiti cha mwanachuo ni cha mwanachuo.

MsomajiWaNje
Sikuwa na simu mezani! Nilikuwa na kitabu! Na kidole!

MzeeWaTasnifu
Nyie wanachuo msituletee. Mtu anaweka daftari kwenye kiti asubuhi, anakwenda zake kulala, anarudi jioni kuchukua daftari lake. Ukiligusa unaitwa mwizi. Daftari lina haki ya kukaa, binadamu mwenye kadi hana?

NyotaYaAsubuhi
Afadhali daftari. Kuna mmoja huacha kofia. Nimesoma jirani na kofia muhula mzima.

MwanachuoHalisi
Daftari linawekwa kwa sababu ukienda chooni tu umenyang'anywa nafasi. Na choo chenyewe ufunguo uko kaunta, unaomba mbele ya watu.

Pilipili_Kichaa
Acheni viti. Mbona intaneti hamuisemi? Unapewa nenosiri refu kama ukoo wa mfalme, ukimaliza kuliandika muda wake umekwisha.

BintiKatalogi
Kubwa kuliko yote ni wanaoficha vitabu. Katalogi inasema kipo, ukienda rafuni pengo. Hakijaibiwa wala hakijaazimwa. Kuna mtu kakihamishia kwenye rafu isiyo yake ili akisome peke yake mpaka mtihani upite. Juzi nimekuta kitabu cha sheria ya mikataba, cha 340, kimelazwa 630 kwenye kilimo, nyuma ya vitabu vya mbolea. Kitabu kilichowekwa pasipo pake kimepotea kabisa, maana hakuna atakayekitafuta huko.

MwanachuoHalisi
Subiri kwanza. Chenye jalada jekundu, mgongo umebandikwa gundi ya karatasi?

BintiKatalogi
Hicho hicho. Nimeshakirudisha 340.

MwanachuoHalisi
DADA UMEFANYA NINI? Mtihani ni keshokutwa!

Pilipili_Kichaa
Kumbe ni wewe! Darasa zima tumekitafuta kitabu hicho mpaka tukaenda kumlaumu yule wa funguo!

MsomajiWaNje
Wakuu, turudi kwenye mada. Nilifungiwa kitabu, kidole kikiwa...

MzeeWaTasnifu
Subiri kidogo mkuu, tumalizane na huyu wa mbolea kwanza. Na tasnifu yangu ya uvuvi, ile yenye michoro ya nyavu, umeificha wapi?

MwanachuoHalisi
Hiyo siyo mimi. Muulizeni mwenye kofia.