Jagdschein (leseni ya uwindaji): mtihani nimefaulu, LRA (ofisi ya wilaya) wananitoa kwenye reli

Kutoka: Baba Tumaini

Wanajamii, salaam.

Najua wengi mtaona ni mambo ya anasa, lakini naomba mnisaidie. Mwezi wa tatu nilimaliza mtihani wa Jagdschein: maandishi, mdomo, shabaha, vyote mara ya kwanza. Zeugnis (cheti) ninayo, Jagdhaftpflicht (bima ya mwindaji) nimelipia, kabati la bunduki daraja 0 limeshafungwa ukutani (vijana wanne wa Kikongo walilipandisha ghorofa ya tatu na mpaka leo wananidai pilau). Jana nakuta barua ya LRA. Wanakusudia kuninyima kwa sababu eti sina miaka mitatu hapa "ohne Unterbrechung", yaani bila kukatiza.

Mimi huu ni mwaka wa saba Ujerumani. Ila mwaka juzi nilikaa Sikonge, nyumbani Tanzania, miezi minane. Mama aliugua, nikamuuguza, tukamzika, ndipo nikarudi.

Swali langu ni moja tu: miezi minane ya kuuguza ni Unterbrechung au siyo? Kozi peke yake imenila yuro 2,000 na ushee.

Kutoka: Shangazi wa Leipzig

Pole sana kwa msiba, mwanangu. Mungu amrehemu mama.

Lakini umenishtua. Miezi MINANE nje? Na Titel yako, kibali cha kuishi, imepona? Miezi sita ikipita hujarudi inakufa yenyewe, § 51 ya sheria ya ukaazi, hawakuandikii hata barua. Dada mmoja wa hapa kwetu alikwenda kujifungua kwao, akarudi mwezi wa saba, uwanja wa ndege wakamwambia kadi yake ni plastiki tu. Alianza upya na viza, mtoto mgongoni. Achana na bunduki kwanza, kaangalie kadi.

Kutoka: Baba Tumaini

Asante Shangazi. Kabla sijaondoka niliomba ABH (ofisi ya wageni), wakanipa barua ya miezi kumi na miwili. Titel iko salama. Tatizo ni dawati la uwindaji, ambalo liko jengo lilelile, korido ya juu yake.

Kutoka: Dereva wa Dortmund

Ndugu yangu, hao wamekuonea huruma. Si mitatu, ni MITANO. Soma WaffG, sheria ya silaha, § 4 aya ya 2. Mimi nilipigwa na hiyo hiyo, nilikuwa na miaka minne na miezi saba, mama wa ofisi ananiambia rudi baada ya Krismasi kama vile nimekuja kuchukua viatu kwa fundi. Nilisubiri. Kisha Zuverlässigkeit, kuchunguzwa kama unaaminika: BZR (rejesta ya makosa ya jinai), polisi, na siku hizi mpaka Verfassungsschutz (usalama wa ndani) wanaulizwa habari zako. Miezi minne. Vumilia tu.

Na usidhani kufaulu mara ya kwanza ni jambo dogo. Mimi mdomo ulinishinda mara ya kwanza. Mzee ananiwekea jani lenye doa jekundu, ananiuliza ni nini. Nikasema Blut. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Kwa wawindaji wao damu ya mnyama inaitwa jasho! Macho yanaitwa taa, masikio ya sungura ni vijiko. Kijerumani nilichohangaika nacho mpaka B2 hakikunisaidia kitu.

Kutoka: Mpemba wa Hamburg

> Si mitatu, ni MITANO

Dereva, usimchanganye mtu. WaffG ni ya bunduki. Yeye ananyimwa Jagdschein, na hiyo ni BJagdG, sheria ya uwindaji, § 17 aya ya 2, miaka mitatu. Palepale juu yake imeandikwa kwamba asiye Mjerumani anaweza kunyimwa kwa kutokuwa Mjerumani, basi. Lakini yote hayo yako chini ya "kann", yaani wanaweza kunyima. Kann si muss, si lazima. Ofisa anapaswa kupima na kueleza kwa nini, si kugonga muhuri.

Halafu someni sentensi mpaka mwisho: "Wohnsitz ODER gewöhnlichen Aufenthalt", makazi AU mahali unapoishi kwa kawaida. Kama mtu hakujifuta Meldeamt (ofisi ya kuandikisha wakazi), yaani Abmeldung, na nyumba aliendelea kuilipia, na mke na watoto walikuwamo, kwa maoni yangu Wohnsitz haikukatika hata siku moja. Baba Tumaini, mambo mawili. Ulifanya Abmeldung au hukufanya? Na barua uliyopata ni Anhörung au ni Bescheid? Kama ni Anhörung bado unaulizwa kauli yako. Kama ni Bescheid, uamuzi wenyewe, una mwezi mmoja, na angalia ukurasa wa mwisho wanapoeleza pa kulalamika, kwa sababu kuna majimbo yaliyofuta Widerspruch (pingamizi ofisini) na unakwenda moja kwa moja Verwaltungsgericht, mahakama ya utawala.

Mengine yote ni kelele.

Kutoka: Dereva wa Dortmund

Sheikh, kabla hujaniita kelele: akipewa hiyo Jagdschein bila ruhusa ya bunduki atawinda na nini? Manati?

Kutoka: Mpemba wa Hamburg

Na ndege. Falknerjagdschein, leseni ya kuwinda kwa ndege mwindaji, ipo kisheria kwa ajili ya wasiopita kwenye mambo ya silaha. Atalipia kozi apate kozi.

Kutoka: Mama Wambui

Haha, hiyo ya kozi nimeipenda.

Mimi Mkenya nawashangaa tu. Kwetu uwindaji ulifungwa 1977, nimekua nikijua ukionekana na mguu wa swala jikoni unalala ndani. Nikaja huku, jirani yangu mwalimu wa shule ya chekechea anarudi nyumbani Jumapili na mnyama mzima kwenye buti la gari, anamchuna gereji, redio inaimba.

Baba Tumaini, ukiwa unangoja karatasi, nenda Treiber. Haihitaji Jagdschein. Novemba wanatafuta watu kila kijiji. Unapewa kizibao cha rangi ya chungwa, fimbo, mnapangwa mstari msituni mnaswaga wanyama kwa makelele, "hop hop hop". Mimi nilikwenda mara moja na koti zuri, miiba ikalifanya matambara. Saa saba tukapewa supu ya dengu kwenye bakuli za plastiki. Jioni nguruwe-mwitu kumi na mmoja na paa wanne wamelazwa mstari juu ya matawi ya msonobari, kila mmoja na kitawi mdomoni, eti tonge la mwisho. Watu wazima wamevua kofia, wazee wanapiga mabaragumu. Nilicheka kidogo, kisha nikaacha kucheka.

Na jifunze kuitikia. Mtu akikwambia Waidmannsheil, heri ya wawindaji, wewe unasema Waidmannsdank. Mimi nilisema "Gleichfalls", nawe pia, wakanyamaza wote.

Kutoka: Shangazi wa Leipzig

Nguruwe huyo mtamu sana, ila hakikisha amepimwa trichina. Vipande viwili vinakwenda kwa daktari wa mifugo, cha kiwambo cha tumbo na cha mguu wa mbele. Msile kabla ya jibu. Mimi nyama nainunua kwa mwindaji mmoja, naikaanga kavu, ndimu na pilipili, utadhani uko kwenye kitimoto cha Kibo.

Kutoka: Mpemba wa Hamburg

Nguruwe muendelee nao wenyewe. Mimi niliingia kwa ajili ya bata na paa. Shemeji yangu aliniuliza, risasi je, ni halali? Nikamwambia unapiga bismillahi unapofyatua, ukimkuta bado hai unamchinja. Shida si dini. Shida ni kwamba mwenye Revier, eneo la kuwindia, anataka nguruwe wapungue kwenye mahindi yake, na wewe kila jioni unakaa kwenye dungu unaomba nguruwe wasitokee.

Kutoka: Dereva wa Dortmund

Ulingo. Dungu ni la kuamia ndege kwenye mpunga.

Kutoka: Mpemba wa Hamburg

Nakushangaa. Ulingo ndio wa kuamia ndege. Na bondia naye apande dungu?

Kutoka: Mama Wambui

Jamani. Hochsitz.

Kutoka: Mzee wa Ujiji

Ninyi mnagombea jina la mti wa kukalia, mimi nawakumbusha jambo. Mwaka 1896 gavana wao Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kuwinda mpaka uwe na kibali, na maeneo mawili yakatengwa kuwa hifadhi, moja Rufiji na jingine magharibi ya Kilimanjaro. Mtu aliyekuwa anapata kitoweo cha wanawe kwa mtego na mshale akalala mwindaji akaamka jangili. Kwa hiyo Jagdschein ilitufika nyumbani kabla sisi hatujafika kwao. Leo mtoto wa Sikonge anailipia yuro 2,000 na bado anaambiwa hajatimiza.

Na tusiwalaumu Wajerumani peke yao. Juni 2022 Loliondo, kilometa za mraba 1,500 zimewekewa vigingi, Wamasai wametolewa, kwa faida ya wageni wa kuwinda. Hapo hakuna aliyeulizwa kama ameishi ohne Unterbrechung.

Kutoka: Dereva wa Dortmund

Mzee, heshima yako, lakini Loliondo si rahisi hivyo. Wanyama nao wanahitaji pa kupita, na mifugo imezidi. Usitumie matatizo ya mtu kuleta siasa.

Kutoka: Mzee wa Ujiji

Mifugo imezidi kwa hesabu ya nani? Wewe ulitoka Tanzania lini mara ya mwisho?

Kutoka: Msimamizi

Wapendwa, mada ni Jagdschein ya Baba Tumaini. Loliondo ina uzi wake tangu ule mwaka na tunajua uliishaje. Pia nakumbusha mchango wa kumsafirisha marehemu wa Bremen, bado tuko nusu.

Kutoka: Baba Tumaini

Nimesoma yote, asanteni. Mzee wa Ujiji, umenigusa pabaya.

Babu yangu alikuwa na gobori. Nadhani hata yeye hakuwa na karatasi yake. Alikuwa anashindilia baruti polepole, hazungumzi, na sisi watoto tulikatazwa hata kukohoa. Kazi yangu ilikuwa kubeba kanga tukirudi, miguu imefungwa kwa kamba ya mti, wananigonga mgongoni njia nzima. Mwaka juzi nilipokuwa namuuguza mama alinikumbusha hao kanga. Alisema nilikuwa nanuka mpaka Jumapili. Niliporudi huku ndipo nikajiandikisha kozi. Mke wangu anasema ni huzuni tu, ingeweza kuwa baiskeli.

Jana jioni mzee wa Revier ya kijijini kwetu alinichukua, yeye na bunduki, mimi na darubini. Kwa kuwa mmegombana, nasema tulipanda ngazi. Baridi, chai ya chupa, ukungu umelala kwenye majani kama maziwa yaliyomwagika. Saa tatu kasorobo akatoka paa dume ukingoni mwa msitu. Akasimama juu kabisa ya kilima, pembe zote zinaonekana, nyuma yake mbingu tupu. Mimi moyo unanidunda. Mzee hakuinua hata bunduki. Akaninong'oneza, "Kugelfang?" Hakuna udongo nyuma ya mnyama, risasi ikimkosa au ikimpita inakwenda mpaka wapi, na nyuma ya kile kilima kuna kijiji. Tukamwangalia akila kwa dakika ishirini, akarudi zake. Nimeulizwa swali hilo kwenye mtihani na nikapata alama zote, lakini sikulikumbuka mpaka aliponong'ona.

Tukiwa tunashuka akaniuliza karatasi zimefikia wapi, maana anataka kunipa Begehungsschein, ruhusa ya kuwinda kwenye Revier yake, kuanzia vuli, mwenyewe magoti yamechoka. Nikamweleza. Akacheka, akasema yeye ndiye aliyemfundisha yule ofisa kulenga shabaha, atampigia simu. Sijui kama nimruhusu au nimkataze, isije ikaonekana napita mlango wa nyuma.

Barua ni Anhörung, Sheikh, ulikuwa sahihi. Jibu linatakiwa Ijumaa. Nimeandaa cheti cha kifo cha mama na tafsiri yake, barua ya hospitali ya Tabora, tiketi, na ile barua ya ABH. Sasa nirudi kwenye swali langu: miezi minane ni Unterbrechung au siyo?

Kutoka: Shangazi wa Leipzig

Tafsiri iwe ya mtu aliyeapishwa, siyo ya rafiki. Watairudisha.

Kutoka: Dereva wa Dortmund

Mwache mzee apige simu. Huku kijijini mlango wa nyuma ndio mlango.

Kutoka: Mzee wa Ujiji

Kanga wa Sikonge. Umenifanya nikose usingizi.

Kutoka: Mpemba wa Hamburg

Umetuandikia mpaka ukungu na chai, lakini swali nililokuuliza tangu Jumanne hujalijibu. Ulifanya Abmeldung au hukufanya?