Naomba ushauri: mashini ya volan ya kupasua kuni

Wandugu, niko Goma, tunachoma mikate na kuni za mikaratusi, kijana wangu anazipasua na shoka toka asubui mpaka viganja vinatoka malengelenge, jana limoja lilipasuka damu ikabaki kwa mupini, iliniuma sana. Sasa naangalia mashini mbili, ya idroliki (inatumia nguvu ya mafuta ya kusukumwa) inasukuma pole pole, sekunde 10 na kupita kila gogo, na ile ya volan, magurudumu mazito ya chuma yanazunguka, ukivuta mukono wa mashini tu chuma inaruka inasukuma gogo kwa kabari, sekunde 3 hivi imesharudi. Mwendo naupenda lakini naogopa vidole vya mutoto. Wenye kuitumia, ile ya volan ya kushika na mikono mbili pamoja ndio chuma iende, kweli inalinda vidole? Na gogo la mafundo, inapita ao inakwama?