Vibali vya maonyesho ya muziki Arusha: ofisi ipi ianze kugonga muhuri?

Wanajamvi, jambo hili nimekaa nalo wiki tatu nikitumaini hasira itapoa. Haijapoa, kwa hiyo nalileta hapa.

Mwezi wa sita, masika yalipokwisha, niliandaa onyesho la muziki wa bendi kwenye uwanja wa wazi upande wa Njiro, kwa watu wasiozidi mia nne, kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku. Nilianza kwa mwenyekiti wa mtaa, akanipa barua, na mtendaji wa kata akaigonga muhuri siku hiyohiyo. Hadi hapo sina lawama. Balaa lilianzia ngazi ya juu. Ofisi moja ya vibali ilikataa hata kupokea maombi yangu mpaka nilete barua ya ulinzi, na ofisi inayohusika na ulinzi ikanieleza kwamba haiwezi kuandika lolote juu ya shughuli ambayo bado haina kibali. Siku kumi na moja nilibeba bahasha ileile kutoka mlango mmoja kwenda mwingine, huku kila mlango ukinihakikishia kwamba tatizo liko kule nilikotoka.

Sipingi udhibiti. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, iliundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984 na ina kazi yake. Kanuni za kelele za mwaka 2015 zinamlinda jirani anayetaka kulala. Zimamoto wana haki ya kuuliza watu watatokea wapi moto ukizuka. Na mtunzi wa wimbo anastahili mrabaha wake, yaani malipo wimbo wake unapotumika. Ninachopinga ni kuachiwa mwananchi abahatishe nani anatangulia, wakati mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, MKUMBI, ulikuja kwa lengo la kuondoa mwingiliano wa namna hii hii.

Jibu nililipata Ijumaa saa tisa na nusu alasiri, onyesho likiwa Jumamosi. Halikuwa la maandishi. Niliambiwa kwa mdomo niombe tarehe nyingine. Wakati huo jukwaa lilikuwa limeshajengwa, jenereta imeshakodiwa, na wanamuziki sita wako ndani ya basi wakitokea Tanga. Mwenye spika hakunirudishia hata shilingi, na siwezi kumlaumu, kwa sababu alikuwa ameacha kazi ya harusi kwa ajili yangu. Wale sita niliwalaza, nikawalisha, nikawalipia nauli ya kurudi, na aliyeniumiza zaidi ni mpiga tumba, mzee wa watu, aliyeniuliza kwa upole kama tumefanya kosa gani. Sikuwa na jibu la kumpa. Ningekataliwa wiki mbili kabla, ningesitisha kila kitu bila kumkosea mtu.

Ninachodai ni utaratibu ubandikwe ukutani ukionyesha ofisi ya kwanza hadi ya mwisho na ada za kila moja, maombi yajibiwe ndani ya siku zinazojulikana, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi.

Nimeshapeleka barua ya kuomba sababu hizo, na nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Mwenye kujua kifungu kinachoilazimisha ofisi ya vibali kujibu ndani ya muda maalumu, naomba akiweke hapa pamoja na jina la sheria yenyewe. Na ndugu zetu wa Moshi, je, huko kwenu barua ya ulinzi inatangulia kibali, au inakifuata?