Kusawazisha kabureta 4: geji za mshale au mpira wa oili?

Swali

Habari wakuu. Pikipiki ni Yamaha XJ600 Diversion, kabureta nne. Sailensa (mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta) inapanda na kushuka yenyewe, na usukani unatetemeka hadi kwenye mizunguko 3,000 hivi kwa dakika. Tapeti (nafasi za valvu) zimepimwa, plagi mpya, filta safi. Sasa nataka kusawazisha kabureta, yaani mvuto wa hewa ulingane kwenye zote nne. Nachagua kati ya geji nne za mshale, Carbtune (kifaa cha kupima mvuto kwa vijiti vya chuma), na kutengeneza kipimo mwenyewe kwa mpira na oili. Kipi kinafaa?

Jibu la 1

Mkuu, kabla ya bei tazama vistari vya geji. Kwa Yamaha nyingi za namna hii, tofauti ya mvuto inayokubalika kati ya kabureta ni milimita 10 za zebaki (kipimo cha mvuto). Geji za bei nafuu huchorwa 0 hadi -1 bar, na kila kistari ni 0.05, yaani milimita 37 za zebaki. Hapo unakisia tu. Tafuta zilizochorwa kwa sentimita za zebaki, zenye uso mpana. Na usiuziwe geji ya upepo wa kompresa. Hiyo hupima msukumo, haisomi mvuto.

Jambo la pili ni mshale kucheza. Kwenye mizunguko 1,200 kila silinda inavuta mara 10 kwa sekunde, kwa hiyo mshale unapigapiga hadi huusomi, na geji inakufa mapema. Weka kikoki kidogo kwenye kila mpira wa geji, kama vile vya matangi ya samaki, ukifunge mpaka mshale utikisike kidogo tu. Ukikifunga kabisa utasoma namba iliyoganda.

Zikifika, zijaribu zote kwenye silinda moja, moja baada ya nyingine. Ikisoma tofauti, andika tofauti hiyo kwa kalamu kwenye kioo chake.

Jibu la 2

Mimi natetea mpira wa oili, na si kwa sababu ya bei. Tofauti ya milimita 10 za zebaki inaonekana kama sentimita 16 za oili. Hakuna geji ya mshale itakayokupa hivyo.

Chukua mpira mweupe wa mita 4, ukunje katikati, ufunge kwenye ubao, mimina oili ya injini ifike kama sentimita 50 kila upande. Ncha zake mbili zinaingia kwenye kabureta mbili, kwa hiyo unapima mbili mbili, na injini yako inarekebishwa hivyo hivyo: skrubu ya 1 na 2, kisha 3 na 4, mwisho skrubu ya kati inayooanisha jozi hizo. Geuza kidogo sana, piga resi mara moja, subiri itulie, soma kama oili imelingana pande zote mbili. Ukimaliza rudisha sailensa mahali pake.

Hatari yake ni kabureta zilizopishana sana: oili yote inamezwa upande mmoja ndani ya sekunde chache. Weka chupa ndogo iliyozibwa vizuri kati ya kila ncha ya mpira na injini ili iikamate oili, na mkono mmoja ukae kwenye swichi ya kuzimia. Usijaze zebaki. Mvuke wake ni sumu, na ikivutwa ndani inakula aluminiamu.

Muuliza swali

Asante. Tangi likitoka, petroli ipite wapi? Na adapta za kuunganishia mpira na kabureta je?

Jibu la 2

Chupa ndogo ya petroli ining'inizwe juu ya kabureta, kwa mpira wa petroli wa kweli. Mpira wa dripu hukakamaa ukikaa na petroli, unachomoka juu ya injini ya moto. Kama koki ya tangi inafunguliwa kwa mvuto wa injini, ule mpira wake mwembamba uzibe, la sivyo silinda hiyo itavuta hewa na vipimo vyote vitakudanganya.

Adapta: kama kwenye kabureta kuna vichuchu (vibomba vidogo vya kuchomekea mpira) vyenye vifuniko vya mpira, huhitaji. Honda nyingi zina skrubu mahali hapo, hivyo pima hesi (mikato ya skrubu) kwanza, M5 au M6.

Jibu la 1

Naongeza: kabla ya kugusa skrubu yoyote, puliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kwenye mipira inayounga kabureta na injini, injini ikiwa ya baridi. Sailensa ikibadilika, mpira umepasuka, na hakuna kifaa kitakachosawazisha hapo. Hiyo injini inapozwa na hewa, kwa hiyo weka feni mbele, na usiiache ikiunguruma zaidi ya dakika chache kwa mkupuo.