Mjadala: Rifaineri ya Changamwe, Mombasa, ifufuliwe isafishe mafuta ya Turkana, ama tuachane nayo?

Mkaazi wa Chaani
Haya jamaa, hili jambo naliskia kwa matatu, kwa maskani, kwa kinyozi, basi naliweka hapa tulizungumze. Kila EPRA, wale wanaopanga bei ya mafuta nchini, wakitangaza bei lazima mtu aseme ati si tuna mafuta yetu Turkana na rifaineri yetu iko Changamwe, mbona tusisafishe wenyewe petroli ishuke. Mimi nasema haishuki. Yale mafuta ya Turkana yakifika hapa bado ni mali yenye bei ya dunia, aliyeyachimba ataka bei ile ile angepata akiyapakia melini pale Kipevu, sasa nani atamuuzia rifaineri kwa hasara kwa sababu ati sisi ni wananchi wenzake? Kisha ongeza gharama ya kusafisha. Na mtambo wenyewe ulianza kazi 1963, ukasimama Septemba 2013, na hata kabla ya kusimama kampuni za mafuta zilikua zalia kwamba zalazimishwa kusafishia hapo wakati petroli iliyosafishwa nje inakuja kwa bei nafuu. Mpeni nguvu mwenye jibu.

Dereva wa tuktuk
Wewe waongea kama mtu asiyenunua hata lita. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu, meli inashusha hapa, matenki yako hapa, harufu tunaivuta sisi, halafu tofauti ya bei yetu na Nairobi ni shilingi tatu hivi, hiyo ni haki kweli?? Bomba lasukuma mafuta kilomita 450 mpaka kule na wao wanalipa karibu sawa na mimi niliye chini ya tenki. Rifaineri ikirudi angalau tudai bei ya mwenyeji.

Mkaazi wa Chaani
Ndugu yangu kusafirisha kwa bomba ni rahisi mno ndio maana tofauti ni hiyo. Kinachokuumiza ni ushuru. Petroli lita moja ina ushuru wa bidhaa kama shilingi 22, ya barabara 25 tangu Julai 2024 (kabla ilikua 18), ile ya maendeleo ya petroli 5.40, na VAT iliyoruka kutoka asilimia 8 mpaka 16 Julai 2023. Niambie rifaineri itafuta gani hapo.

Mstaafu wa Port Reitz
Wanangu, mimi nlifanya kazi ndani ya ua ule kwahivo niacheni niseme. Huyu wa Chaani asema kweli nusu. Mtambo ule ulikua wa aina ya zamani, unachemsha na kutenganisha, basi, hauna sehemu ya kuvunjavunja mafuta mazito yawe petroli na dizeli, kwahivo katika kila meli ya mafuta ghafi ya Abu Dhabi ama Saudia unabakiwa na mafuta mazito mengi ambayo bei yake ni duni, na hapo ndipo hasara. Kisha 2015 ikaja sheria ya dizeli yenye salfa kidogo, 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni), ile mitambo yetu isingeweza. Wahindi wa kampuni ya Essar walinunua nusu ya rifaineri 2009 wakasema watakarabati, wakapiga hesabu wakaona ni zaidi ya dola bilioni moja, wakaondoka. Lakini msisahau, watu mamia walisomeshea watoto pale, mafundi wa kulehemu, wa umeme, wa maabara, na ufundi ule ukapotea maana hakuna pa kuurithisha. Hilo EPRA hawaliandiki kwa karatasi yao.

Dereva wa tuktuk
Mzee wangu shkamoo. Haya hapo kwa kazi ndipo ninapotaka, hawa wa mahesabu wasikie.

Mkaazi wa Chaani
Marahaba kwa niaba yake 😂 Mzee, kazi ni hoja nzito siikatai. Ila tuseme basi ni mradi wa ajira, tusiwadanganye watu kuwa ni mradi wa bei. Nigeria wamejengewa rifaineri ya Dangote ya mapipa 650,000 kwa siku, mpya kabisa, na bado watu wanalia na bei ya petroli. Yetu ilikua haifikii hata mapipa elfu tisini.

Mama wa Mikindani
Na sisi tunaoishi karibu? Moto wa ule mnara ulikua wawaka usiku kucha, watoto wakikohoa twaambiwa ni vumbi. Kabla hamjafufua semeni maji machafu yataenda wapi, maana mkondo ule ndio wa wavuvi wetu. Kama ni ardhi, nasikia yatawekwa matenki ya gesi ya kupikia, hiyo mimi naielewa, mtungi ukishuka bei naacha makaa.

Mstaafu wa Port Reitz
Mama, ukweli ni kwamba matenki ndiyo mali iliyobaki pale. Yale mafuta ya majaribio yaliyoletwa kwa malori kutoka Lokichar kule Turkana tangu 2018 yalikaa humo humo yakipashwa moto, maana yana nta, yakipoa yaganda, mpaka Agosti 2019 meli ikabeba mapipa laki mbili hivi yakauzwa dola milioni 12. Nyinyi mwataka kuyasafisha na mtambo uliochakaa? Mimi ningejenga kiwanda kidogo, kipya, cha lami na mafuta mazito tu, barabara zetu zahitaji lami.

Mturkana wa Bombolulu
Nimesoma yote, hakuna aliyeuliza wenye ardhi. Mafuta yaligunduliwa kisima cha Ngamia 2012, kampuni ya Tullow wamekuja wamekaa wakauza kwa Gulf Energy 2025, na nyumbani bado twachota maji kwa mbali. 2018 watu walizuia malori pale Lokichar kwa sababu ya usalama, hawakua wakidai maajabu. Sheria ya petroli ya 2019 inasema katika fungu la serikali la faida ya mafuta, jamii ipate asilimia 5, kaunti 20. Sasa nyinyi mwagombania mahali pa kusafishia, mimi nauliza hiyo 5 italipwa kwa nani, na kwa akaunti ya nani? Kwa hilo mbona mko kimya.

Mkaazi wa Chaani
Kaka, sina jibu la hilo. Mwenye kuijua hiyo sheria vizuri aje aeleze, tena kwa Kiswahili, sio kutubandikia vifungu.